Ubongo wa mtoto wa Kitui haujengwi na unga peke yake

Kila mvua ikikosa Kitui na Makueni, habari ni zile zile: lori za mahindi, picha za punda na mitungi, viongozi wakipiga foleni mbele ya kamera. Sawa, njaa haingoji. Lakini hebu jiulize, mtoto aliyezaliwa katikati ya ukame wa 2020 hadi 2022 yuko wapi leo? Amefika umri wa shule, na ubongo anaoenda nao darasani ulijengwa wakati sufuria ilikuwa tupu.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014 ulipata kuwa Kitui, watoto 46 kati ya kila 100 wa chini ya miaka 5 walikuwa wamedumaa. Kenya nzima walikuwa 26. Kudumaa si ufupi tu, bana. Ubongo hukua kwa kasi mno katika miaka 2 ya kwanza, na mwili ukikosa chakula, hata kichwa kinapunjwa.

Sasa sikia hii. Miaka ya 1980, watafiti walifuata watoto 129 waliodumaa mjini Kingston, Jamaica. Wengine walipewa lishe ya maziwa. Wengine walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya kila wiki kwa miaka 2, mama akifunzwa kucheza na kuongea na mtoto. Wengine walipata vyote, wengine hawakupata lolote. Miaka 20 baadaye, waliochezeshwa walikuwa wakipata pesa zaidi kwa asilimia 25 kuliko wasiochezeshwa. Maziwa peke yake hayakuleta tofauti hiyo.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya chekechea. Basi MCA wako akija na hadithi za lami, muulize: mwalimu wa chekechea analipwa ngapi? Watoto wanapata uji? Lami inakatiwa utepe, ubongo hauonekani.

Na wewe uliyekulia njaa, usijifute. Utafiti wa 2011 ulipima watu wanaosomea udereva wa teksi London. Waliofaulu kukariri barabara za jiji, sehemu ya ubongo inayoshika ramani iliongezeka, na walikuwa watu wazima. Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiyo naishikilia.

Ila utotoni kazi ni rahisi zaidi. Kumsimulia mtoto wa dada yako ngano kwa Kikamba jioni hakungoji tenda ya kaunti.