Lantana: Pambo la Bustani, Mzigo wa Mfugaji

Lantana, kichaka chenye asili ya Amerika ya kitropiki, ilifika Ulaya katika karne ya 17, na huko wakuzaji wa maua wakaichanganya mbegu kwa vizazi vingi wakitafuta rangi mpya, kisha machotara hao wakasafirishwa hadi bustani za makoloni ya Asia, Afrika na Australia. Kwa hiyo mmea unaohesabiwa leo miongoni mwa spishi vamizi, yaani viumbe wageni wanaoenea wenyewe na kuwasonga wenyeji wa mahali, kwa sehemu kubwa ni zao la bustani. (Afrika ina lantana zake za asili, ambazo hazimo katika lawama hii.)

Uzuri wake hauna ubishi: maua ya kishada kimoja hubadilika kadiri yanavyokomaa, kutoka njano hadi rangi ya machungwa, waridi au nyekundu. Lakini baada ya maua huja vitunda vya kijani vinavyoiva vikawa vyeusi, ambavyo ndege huvila na kudondosha mbegu zake mbali na uzio uliopandwa. Zikiota malishoni, mifugo hukosa nyasi, na ng'ombe anayekula majani yake hupata sumu ziitwazo lantadeni, ambazo hudhuru ini na kuifanya ngozi isiyo na rangi nyeusi kuungua kwa jua. Kukata hakutoshi wala kuchoma, kwa kuwa visiki huchipua upya.

Madhara hayaishii kwa mifugo. Huko Busoga, mashariki mwa Uganda, mashamba ya kahawa na pamba yaliyotelekezwa wakati wa utawala wa Idi Amin yaligeuka vichaka vya lantana, vichaka hivyo vikawapa mbung'o kivuli na maficho, na hali hiyo ilichangia mlipuko wa malale ulioanza mwaka 1976.

Wapo wanaotegemea dawa ya kibayolojia, yaani kumleta mdudu anayeushambulia mmea huo kwao ulikotoka, njia iliyoanza kutumika Hawaii mwaka 1902. Tahadhari inahitajika hapa, kwani mdudu mfyonzaji Teleonemia scrupulosa, aliyeletwa Uganda kwa kazi hiyo, alionekana katika miaka ya 1960 akishambulia pia ufuta, zao ambalo wakulima wa huko wanalitegemea kwa chakula na kwa fedha.

Hoja ya kuitetea lantana isipuuzwe: ni uzio wa bei nafuu, huvumilia ukame, hutoa kuni, na vipepeo huipenda. Hata hivyo faida hizo humwendea aliyeipanda, ilhali gharama ya kung'oa humwangukia jirani ambaye hakuulizwa, na hilo si haki. Ndiyo maana hatua ya kwanza inapaswa kuchukuliwa kitaluni, mahali ambapo mche mmoja unaweza kuzuiwa kabla haujawa maelfu. Afrika Kusini imekwisha kufanya hivyo kwa kupiga marufuku biashara ya lantana ngeni zote zinazotoa mbegu. Aina zinazouzwa kwa jina la tasa zisiruhusiwe kwa neno la muuzaji pekee, kwa sababu baadhi yake hutoa chavua hai inayoweza kuirutubisha lantana ya porini, zijaribiwe kwanza. Kwa anayehitaji uzio tu, upo mnyaa, ambao utomvu wake ni hatari kwa macho na unahitaji uangalifu, lakini hauna vitunda vya kuvutia ndege.