Lenzi Pana, Macho Finyu

Imezuka kasumba miongoni mwa wapigapicha wa Mji Mkongwe, wenyeji kwa wageni, kwamba uchochoro haupigiki ila kwa lenzi pana mno, kwa kuwa pa kurudi nyuma hapana. Hoja hiyo ina ukweli, ila si wote; na ule uliosazwa ndio unaouharibia mji sura yake.

Lenzi ya kuvuta ya milimita 16 hadi 35, katika kamera ya fremu kamili, huona nyuzi 107 hivi kutoka kona hadi kona inapopanuliwa kabisa. Ikivutwa hadi mwisho hubaki na 63. Wengi huigandisha penye 16, kana kwamba namba nyingine zimechorwa kwa pambo. Matokeo yamejaa kwenye kadi na kalenda: njia ambayo watu wawili hupishana kwa taabu imekuwa barabara, mzee wa barazani, kwa kuwekwa pembeni, amevutwa kichwa kama papai, na nyumba zinalaliana kwa sababu kamera imeinuliwa juu. Kisha watu huambiwa kwamba huo ndio ufundi!

Lenzi haina kosa. Ukubwa wa kitu mbele ya kingine huamuliwa na mahali aliposimama mpigapicha: cha karibu hutukuka, cha mbali hunywea. Na lenzi inayonyoosha mistari hulipia unyoofu huo kwa kuvitanua vilivyo pembeni. Basi kamera na ishikwe sawasawa, isitazame juu wala chini. Mtu akae karibu na katikati. Na mbele pawe na kitu chenye maana, ama sivyo picha nzima itakuwa sakafu na mbingu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: mwenye lenzi hii sharti asogee, na anayeusogelea uso wa mtu sharti amtake radhi kwanza.

Si jambo la mapambo tu. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 la Sayyid Barghash, iliporomoka na kuua watu wawili. Jengo likianguka, picha iliyonyooka humsaidia fundi. Iliyopotoka hubaki kutundikwa ukutani.

Na anayeidharau picha hukidharau na chombo. Lenzi hufutwa kwa upindo wa shati papo hapo ufukweni, ilhali chumvi na mchanga ni tupa juu ya kioo. Kwanza hupulizwa kwa kipulizio cha mpira, kisha hupanguswa kwa brashi laini, ndipo kitambaa safi chenye dawa yake kipite, kutoka katikati kwenda ukingoni. Zenye kioo kilichotuna hazipokei kichujio cha kawaida cha kukazwa mbele, hivyo kifuniko chake kisiachwe nyumbani. Adui mkubwa visiwani ni kuvu, imeayo ndani ya kioo katika giza na unyevu wa mkoba. Ikishakula utando wake, haisafishiki ikarudi kama mwanzo. Kinga yake ni sanduku lisilopitisha hewa, vipakiti vya kunyonya unyevu, na kuitumia lenzi mara kwa mara.

Washairi wanalijua somo hili. Ubeti haukui kwa kumiminiwa maneno. Mizani kumi na sita humtosha ajuaye la kuacha. Asiyejua kuacha, hata apewe kioo cha kumeza mji mzima, ataumeza asiuone.