Mgonjwa wa akili akivuka mpaka, nani atamrudisha?

Jirani yangu wa kibanda pale Busia, upande wa Kenya, huuza mitumba. Jumanne iliyopita alifunga saa nne asubuhi akavuka kwenda Uganda kumtafuta mwanawe. Kijana ana miaka 31. Aliacha dawa mwezi uliopita, akidai zinamnenepesha na kwamba mama amehongwa amtilie sumu. Askari wa upande wa pili alimjibu mama kwa upole: "Hajavunja sheria, na ni mtu mzima."

Ndugu wafanyabiashara, wengi wetu tuna mtu wa namna hiyo nyumbani na hatumsemi. Tunamwita mkaidi. Kumbe mara nyingi ugonjwa wenyewe ndio unaomzuia kujua kwamba anaumwa, basi kumgombeza ni kupoteza pumzi. Wapo wanaomchanganyia vidonge kwenye uji. Hofu yao naielewa, lakini siku akigundua hatakula tena chakula cha nyumba ile. (Ya minyororo hata sijadili.)

Sheria zipo. Tanzania ina ya mwaka 2008, Uganda ya 2018, na Kenya ilirekebisha yake 2022. Zote zinaruhusu, kwa masharti, mgonjwa alazwe bila ridhaa yake. Ila kila moja inaishia mpakani. Faili la kijana huyu liko Mathari, Nairobi. Akipelekwa Butabika, Kampala, daktari ataanza upya kuuliza alikuwa akitumia nini, na wa kumjibu yuko ng'ambo.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano inasomwa Namanga, Mutukula na Rusumo bila mjadala. Vyama vyetu vya wafanyabiashara vidai karatasi ya namna hiyo kwa wagonjwa hawa: jina la dawa, kliniki, na ndugu wa kupigiwa simu. Mgonjwa aitie saini mwenyewe akiwa na nafuu, aseme angependa afanyiwe nini akizidiwa. Asiyetaka asilazimishwe, maana siri ya ugonjwa ni yake.

Kijana alipatikana Alhamisi kwenye stendi, miguu imevimba. Mama alimsihi, akakataa. Alikubali kurudi kwa ajili ya binamu mmoja anayemwamini, aliyekaa naye saa mbili wakizungumza mpira. Sasa mama anataka kumuuliza daktari kuhusu sindano ya mara moja kwa mwezi badala ya vidonge vya kila siku, mradi kijana mwenyewe akubali kuingia chumbani.