Lenzi Pana Zinaupa Mji Mkongwe Mwili Usio Wake

Kuna mwanadada mmoja, jina lake mjini halihitaji utambulisho, alitupia picha za chumba alichofikia Mji Mkongwe, Zanzibar. Kitanda cha samadari kimesimama kule mwisho kama kipo mtaa wa pili, zulia limenyooka, na sakafu katikati imetanuka kiasi kwamba watoto wanaweza kucheza rede humo ndani bila kugombana na mtu. Mashabiki wakapagawa. Wengine wakaiita kasri. Wapenzi wawili kutoka Dar wakakilipia chumba hichohicho, wakapanda boti, wakafika, wakaweka mabegi chini na ikawa basi, nafasi imekwisha. Lawama zote zikamshukia mwenye nyumba: tapeli, mwizi, tumepigwa.

Mwenye nyumba wala hajampiga mtu. Chumba chake kipo vilevile kilivyojengwa. Kilichowapiga wale vijana ni lenzi.

Habari ya mjini sasa hivi ni kamera ndogo zisizo na kioo, zile ambazo wapiga picha wanaziita mirolesi. Kamera kubwa za zamani zilikuwa na kioo ndani cha kurusha picha kwenye tundu la kuchungulia. Hizi hazina, ndiyo maana zimepungua mwili na zinaingia hata kwenye pochi ya kutokea. Kwa mji wa vichochoro hilo ni jambo jema kabisa. Huhitaji stendi ya miguu mitatu ya kuwazibia watu njia, na mzee anayekunywa kahawa barazani hashtuki kama aliyeelekezewa bomba la maji. Shida inaanza pale mtu anapoifunga lenzi pana kuliko zote alizoziona dukani, halafu haitoi tena. Asubuhi hiyohiyo, mchana hiyohiyo, mlango hiyohiyo, msikiti hiyohiyo.

Kwa wasiojua mambo ya namba: milimita zikipungua, lenzi inameza eneo kubwa zaidi. Kwenye kamera ndogo nyingi zenye sensa ya APS-C, lenzi ya milimita 10 inaona kama ya milimita 15 kwenye kamera ya fremu kamili. Zile za Micro Four Thirds unazidisha kwa 2. Hata simu ya kawaida yenye kitufe cha 0.5 imo kwenye kundi hilohilo la walafi. Lakini lenzi yenyewe haitanui ukuta. Inachofanya ni kukuruhusu usimame karibu mno na kitu na bado kila kilichopo kiingie. Ukisimama karibu, cha mbele kinakuwa jitu na cha nyuma kinakimbilia mbali. Ndipo hatua tano za sakafu zinageuka kiwanja, na kichochoro cha Hurumzi ambacho watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu kinaonekana barabara ya kupitisha daladala.

Sasa hapa ndipo mambo yanapouma, kwa sababu wembamba ule si kasoro ya kufichwa. Ndiyo nyumba yenyewe. Majengo ya zamani ya pwani, Zanzibar mpaka Lamu, yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, dari zikabebwa na boriti za mikoko. Mkoko hauoti mrefu na mnyoofu kama mkaratusi. Boriti nzuri ya kubebea dari ya mawe inakupa upana wa kama mita 2.5 hadi 3 hivi, na fundi alijenga chumba kufuata boriti yake. Akitaka nafasi zaidi anarefusha chumba, hapanui. Ndiyo maana vyumba vya kale vina umbo la treni, virefu na vyembamba, dari iko juu sana ili joto lipande. Na kichochoro nje ni chembamba ili jua lisikae chini kutwa nzima.

Kwa hiyo mtu akipiga chumba kile kwa milimita 10 kikatoka kipana kama ukumbi wa harusi, amefuta kitu kimoja ambacho kingemweleza mtazamaji kwa nini nyumba ipo hivyo. Boriti zinaonekana kule juu, ndiyo, zimepangwa vizuri, lakini jicho haliwezi tena kujua kwamba ni fupi. Na mwenye nyumba anayechoka kulaumiwa kila wiki anaanza kupata mawazo. Huu ukuta wa katikati si ungetoka tu? Hapa si tungemwaga zege? Kuta za matumbawe na chokaa zinapumua. Ukizipaka saruji unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unaoza ukiwa umevaa vizuri. Hakuna anayesema picha ya mtandaoni ndiyo inabomoa nyumba. Ila presha ya kumpa mgeni chumba alichokiona kwenye simu ni presha ya kweli, na inawakuta watu ambao ukarabati wa paa tu ni mtihani.

Nje nako kuna kasheshe nyingine. Hebu piga hesabu, ni ya shule ya msingi tu. Kichochoro kina upana wa mita 3. Umegandisha mgongo ukuta wa huku, unapiga nyumba ya pili yake kwa kamera ya fremu kamili, milimita 24, umeisimamisha wima na hujaiinamisha wala kuiinua. Lenzi inameza mara moja na nusu ya umbali, yaani mita 4.5 kwa jumla, nusu juu na nusu chini ya usawa wa kamera. Kama kamera iko mita 1.5 kutoka chini, picha inaishia kama mita 3.75. Umepata mlango. Roshani hujaiona. Weka milimita 16, unafika kama mita 5. Nyumba ya ghorofa tatu yenye dari ndefu inafika mita 12 bila wasiwasi. Kwa maana hiyo hata lenzi uliyouzia friji haitoshi, na hapo ndipo kila mtu anafanya kosa lilelile: anainua kamera juu.

Ukiinua tu, kuta zinaanza kuegemeana. Mistari ambayo ingetakiwa kusimama wima inakutana kule juu, nyumba inakuwa kama inaanguka kwa nyuma. Jamaa mmoja mwenye wafuasi wa kutosha, anayejiita mtunza kumbukumbu wa mji, kurasa zake zimejaa majengo ya hivyo, na maneno anayoandika chini ni "Mji Mkongwe halisi". Halisi wapi, kaka?

Ingekuwa ni suala la urembo tu, yaishe. Msanii wa Bongo Fleva akitaka minara imwinamie kwenye video yake, pesa ni yake na minara imekubali. Lakini huu ni mji ambao kuta zake nyingine zinaegemea kwelikweli. Beit al-Ajaib, lile jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale mbele ya Forodhani, lilipoteza sehemu ya roshani zake mwaka 2012. Desemba 25, 2020, likiwa kwenye ukarabati, sehemu kubwa ya mbele ikaporomoka pamoja na mnara wa saa, na watu wawili wakapoteza maisha. Jengo lililokuwa limepigwa picha kuliko karibu yote mjini, saa hiyohiyo likageuka jengo linalohitaji picha zake. Nguzo ilikuwa wapi, ufa ulianzia wapi, roshani ilikuwa imelala kiasi gani mwaka mmoja kabla.

Mletee mhandisi picha ya milimita 10 iliyoinuliwa juu, umwambie atafute ukuta uliovimba. Kila ukuta umevimba! Kila nguzo inalewa. Na lenzi nyingi ndogo za siku hizi zinapinda mistari zenyewe, kisha programu ndani ya kamera inainyoosha kimyakimya kabla hujaiona. Siku hizi zipo programu zinazoweza kujenga umbo zima la jengo kutokana na picha nyingi zinazopishana kidogokidogo, kwa hiyo picha za watu wa kawaida zina thamani kuliko zamani. Lakini ile iliyovutwa na kunyooshwa mara tatu ili ipendeze, msaada wake unakuwa mdogo.

Wa kale hawakuwa na hiyo mbwembwe. Zile kamera za sanduku za karne ya 19, nyingi ziliruhusu lenzi kupandishwa juu huku mwili wa kamera ukibaki umesimama wima, ndiyo maana majengo kwenye picha zao yamesimama kama askari. Na ni kwa picha hizo leo mtu yeyote anaweza kuona kwamba kabla ya 1896 mnara wa Beit al-Ajaib ulikuwa umejitenga peke yake mbele ya jumba. Mizinga ya Waingereza ya Agosti 27 mwaka ule, kwenye ile vita isiyofika hata saa moja, ikauharibu, na mnara uliojengwa baadaye ukaunganishwa na jumba lenyewe. Aliyepiga hakujua anatunza ushahidi. Alihakikisha tu kamera yake imekaa sawa.

Kukaa sawa hakuna gharama. Karibu kila kamera ya mirolesi ina mstari wa usawa kwenye skrini, watu wanauzima kwa sababu eti unawazibia picha. Uwashwe. Kamera ibaki wima, na kama juu hapatoshi, piga vipande viwili vitatu uviunge, au omba kupanda kwenye paa la jirani. Watu wa Mji Mkongwe si wachoyo wa ngazi ukiwasalimia vizuri kwanza. Kwa jumba kama Ngome Kongwe huhitaji lenzi pana hata kidogo, vuka tu upande wa bustani ya Forodhani na miguu yako ifanye kazi. Milimita 35 za fremu kamili zinatosha milango mingi ya kuchonga, na misumari ya shaba inabaki na ukubwa wake. Ukilazimika kunyoosha kuta kwa programu, acha nafasi pembeni mapema, maana kunyoosha kunakata picha, na ukizidisha ghorofa ya juu inakuwa na kichwa kipana kuliko kiwiliwili.

Kwenye ngazi za ndani, zile zinazojipinda gizani, lenzi pana ni halali yake. Hakuna pa kurudi nyuma. Hapo itumike na isemwe imetumika.

Kuna na la watu, ambalo wengi wanajifanya hawalioni. Lenzi pana inakusanya waliopo pembeni. Bibi aliyekaa barazani kwake anadhani unapiga mlango wa kushoto, kumbe yumo, tena kwenye kona ya picha ambako lenzi inavuta kila kitu, amenyooshwa uso kama ubani uliotafunwa. Hakuulizwa, hakujifunika vizuri, na kesho yupo kwenye simu za watu laki moja. Hiyo si poa, na heshima ya kuuliza haihitaji lenzi ya bei yoyote.

Anayefanya vizuri yupo, ila hana jina kubwa. Ni kijana mmoja wa hapohapo kisiwani, kamera yake ndogo, lenzi moja isiyo pana. Anapiga mlango mmoja kwa siku, amesimama mbele yake usawa kabisa, mchana wenye kivuli. Chini anaandika mtaa, tarehe, na lenzi aliyotumia, kwa kuwa anajua mitandao mingi ikipokea picha inafuta taarifa zilizomo ndani yake. Milango miwili mitatu ameirudia baada ya miaka, palepale aliposimama mwanzo, na kwenye mmoja unaona wazi kizingiti kimeshuka upande wa kulia. Picha hiyo ilipata likes 41.