Risala ya Vijana na Wazazi wa Bujora na Kisesa Kuhusu Masomo ya Sayansi na Taaluma za Afya

Ndugu Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa Halmashauri ya Wilaya ya Magu,
Walimu wetu, wazee wetu wa makundi ya ngoma ya Bagika na Bagalu,
Mabibi na mabwana,



Sisi wahitimu wa kidato cha nne na cha sita wa Bujora na Kisesa, pamoja na wazazi waliotusomesha, tunakushukuru kwa kukubali kutusikiliza katika siku hizi za sikukuu ya Bulabo, wakati wengi wamekuja kutazama ngoma. Tumekuja na jambo moja. Kijana wa hapa anayetaka kuwa muuguzi, tabibu, mtaalamu wa maabara au daktari hufungiwa mlango akiwa kidato cha pili, na wengi wetu tulilijua hilo baada ya kumaliza kidato cha nne, wakati halirekebishiki tena kwa urahisi.

Katika mtaala tuliousoma, Baiolojia ni ya lazima hadi kidato cha nne, lakini Fizikia na Kemia mwanafunzi anaruhusiwa kuziacha anapoingia kidato cha tatu. Pale ambapo mwalimu wa Fizikia hayupo, au yupo mmoja kwa vidato vyote, mtoto wa miaka 15 au 16 huacha somo ambalo hajawahi kufundishwa ipasavyo. Anashauriwa achukue sanaa ili asiharibu matokeo yake na ya shule. Hakuna anayemweleza kwamba ili kuomba stashahada ya utabibu, au ya uuguzi na ukunga, anatakiwa awe na ufaulu wa angalau D katika masomo manne yasiyo ya dini, na kwamba Kemia, Baiolojia na Fizikia lazima ziwemo. Wapo kati yetu mabinti waliofaulu Baiolojia vizuri sana, waliotamani ukunga tangu utotoni, na ambao fomu ya maombi iliwakataa kwa sababu ya somo waliloliacha kwa ushauri wa watu wazima. Jambo hili linatuuma, na hatuoni haya kulisema mbele ya hadhara.

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete aliagiza kila shule ya kata iwe na maabara tatu. Wazazi wetu walichangia fedha, mchanga, mawe na nguvu zao. Hatuwezi kuidharau kazi ile. Lakini maabara isiyo na maji, mizani wala kemikali inabaki kuwa darasa lenye meza ndefu. Kuna wenzetu walioshika bureti kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani wa vitendo, na wakatakiwa wafanye titresheni kama watu walioizoea.

Wale wachache wanaovuka hukutana na mtego wa pili kwenye kujaza selfomu, yaani fomu ya kuchagua tahasusi. Mwanafunzi anachagua CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia, akidhani tahasusi yoyote yenye Baiolojia itamfikisha kwenye udaktari, kumbe udaktari wa binadamu unataka Fizikia, Kemia na Baiolojia, yaani PCB. Mwingine anamaliza kidato cha sita, anachukua shahada ya baiolojia au ya mikrobiolojia, na wazazi wanatangaza kijijini kwamba mtoto wao atafanya kazi hospitali. Anapomaliza anaelezwa kwamba kazi ya maabara ya hospitali inataka usajili wa Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, na usajili huo unawahusu waliosoma sayansi ya maabara za afya. Shahada yake ni nzuri na ina kazi zake kwenye utafiti, viwanda na ualimu. Kosa ni kwamba aliichagua bila kuambiwa inaelekea wapi. Wauguzi, wafamasia na madaktari nao wana mabaraza yao, na kila baraza lina masharti yake. Taarifa hizi zinapatikana bila malipo, ila hazifiki darasani.

Tusiuache mtego wa vyuo. Kuna familia iliyouza ng'ombe ikalipa ada kwenye chuo ambacho hatutakitaja hapa, kisha ikagundua kwamba kozi ile haikuwa na ithibati. Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, NACTVET, lina orodha ya vyuo na kozi zinazotambuliwa. Mzazi asiyetumia intaneti aione wapi?

Ndugu Mgeni Rasmi, tuna sababu ya pekee ya kudai haya kutokea hapa. Tuko kilometa zipatazo 20 tu kutoka Jiji la Mwanza, kwenye barabara iendayo Musoma. Kwenye kilima cha Bugando ipo hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, na pembeni yake chuo kikuu kilichoanza kufundisha madaktari mwaka 2003. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1994 wakazi wa Kisesa wamekuwa wakihesabiwa, wakihojiwa na kutolewa damu katika utafiti wa muda mrefu wa Virusi vya Ukimwi unaoendeshwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza. Wengi wetu tulizaliwa utafiti huo ukiendelea. Bibi zetu na mama zetu walifungua milango wakajibu maswali ya siri ya ndani ya nyumba zao, na dunia ikajifunza kutokana na majibu yao. Tunajivunia mchango huo. Sasa tunataka watoto wa kaya hizo hizo wawe upande wa pili wa meza, wakisoma vipimo, wakichambua takwimu na kuandika matokeo.

Tena historia ya mkoa huu inaonyesha kwamba afya haiokolewi na madaktari peke yao. Utafiti mwingine uliofanyika vijijini Mwanza, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba kutibu vizuri magonjwa ya zinaa kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya Ukimwi kwa takriban asilimia 40. Tiba ile ilitolewa kwenye vituo vya afya na zahanati za kawaida, na watumishi waliokuwapo, baada ya kupewa mafunzo na dawa. Kichocho cha mwambao wa ziwa letu hugunduliwa na mtu anayehesabu mayai ya minyoo kwa hadubini. Ugonjwa wa selimundu, unaowatesa watoto wengi wa Kanda ya Ziwa, huthibitishwa maabarani. Lakini shuleni tunasikia neno daktari tu, na anayeona hatafikia udaktari anakata tamaa na sayansi nzima.

Serikali imefanya mengi na tunashukuru. Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na kidato cha tano na sita mwaka 2022. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo inakopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, na afya imo. Hata hivyo tunaomba tuambiwe ukweli kuhusu ajira. Wapo matabibu na wauguzi wenye leseni wanaojitolea vituoni wakisubiri kibali cha ajira, na Marekani iliposimamisha misaada mwanzoni mwa mwaka 2025, watumishi wengi wa miradi ya Ukimwi nchini walirudi nyumbani. Kijana anayechagua fani ana haki ya kulijua hilo kabla ya kukopa.

Kwa hiyo tunadai, kwa heshima, kwamba halmashauri ipeleke walimu wa Fizikia na Kemia kwanza kwenye shule ambazo hazina kabisa, kabla ya kuongeza penye wawili. Maabara zilizojengwa kwa jasho la wazazi zipewe maji na kemikali mwaka mzima, si msimu wa mtihani. Kila shule ibandike ukutani, kwa Kiswahili, sifa za kujiunga na kozi za afya na orodha ya vyuo vinavyotambuliwa, na mzazi aitwe asaini pamoja na mwanafunzi kabla somo lolote la sayansi halijaachwa. Tunaomba pia watafiti na wanafunzi wa udaktari, uuguzi na maabara walioko Mwanza waje kuzungumza na kidato cha pili angalau mara moja kwa mwaka. Nauli ya kufika Kisesa ni ndogo. Na wale waliojitolea vituoni kwa muda mrefu wafikiriwe kwanza nafasi zinapotangazwa.

Wanafunzi wa kidato cha pili watafanya upimaji wa taifa mwezi Novemba, na Januari wataanza kidato cha tatu na masomo waliyochagua. Tunaomba majibu ya risala hii kwa maandishi, yabandikwe ofisi ya kata, kabla ya Novemba hiyo.