Tazama na unyayo
Na Rehema Mshana

Bob Marley aligunduliwa kuwa na saratani ya ngozi mwaka 1977, chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, mahali palipodhaniwa pameumia kwa kucheza mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Wapo wanaosema kisa hicho hakituhusu: baba yake alikuwa mzungu, na saratani ya ngozi ni ya wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Kuhusu wenye ualbino wamesema kweli. Jua huwashambulia kichwani, usoni na shingoni wangali vijana, na ndiyo maana mafuta ya kukinga jua yanayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, kwao ni dawa, si kipodozi. Lakini aina ya saratani hiyo iitwayo melanoma, ile ya nyayo, viganja na chini ya kucha, kama iliyompata Marley, haihitaji jua, na weusi wa ngozi hauizuii. Mtu mweusi akipata melanoma, mara nyingi huipata huko huko miguuni, asikokutazama.

Ni ugonjwa adimu kwetu, nakubali, na sitaki kila anayejikuna apoteze usingizi. Choa huchora duara lenye magamba pembeni. Upele huwasha zaidi usiku na kuzunguka nyumba nzima. Ukurutu huja na kuondoka. Mistari myembamba ya weusi kwenye kucha kadhaa nayo ni kawaida kwetu. Kinachotisha mara nyingi hakiwashi wala hakiumi mwanzoni, na hapo ndipo kinapotuponyoka: doa la unyayoni linalotanuka, kingo zake hazilingani, rangi zake zimechanganyika, mstari mweusi wa ukucha mmoja unaozidi kupanuka hadi kuingia kwenye ngozi ya kando. Kidonda ndugu, au kovu la moto lililofumuka baada ya miaka, navyo huweza kugeuka saratani.

Nitaambiwa madaktari wa ngozi ni wachache na wako mbali. Ni kweli, ila kutazama unyayo hakuhitaji daktari, na rufaa huanzia zahanati. Kidonda kikipita mwezi bila kupona, usikubali kupewa mafuta mengine ya kupaka. Waulize wahudumu, kwa adabu lakini bila kuona haya, ni wapi utachukuliwa kinyama kikapimwe. Nao wakupe rufaa siku hiyo hiyo.