Neno "Kuba" na Kalamu ya Askari

Askari wetu walio doria Kampala hulisikia neno "kuba" kila siku. Kwa Kiswahili, kuba ni paa la duara la msikiti, nalo latokana na Kiarabu. Kwa Mnyarwanda na Mrundi ni kuwa, au kukaa mahali. Kisiwa cha Kuba tukiache kando. Lakini kwa Kiganda ni amri: piga! Hapo ndipo penye hatari. Asemaye "kuba essimu" ataka simu ipigwe. "Kuba ekifaananyi" ni piga picha. Sisi twaona si haki raia alale mahabusu kwa neno lililosikika nusu. Kabla ya kuandika maelezo, askari na amwache mtu amalize usemi wake, kisha amwulize mwenye lugha.